Weka hiyo ada chini, kwanza fungua daftari

Mkuu, usilipe. Mwanao yuko la nne, anamaliza zoezi wenzake bado wanaandika tarehe, mwalimu anamwona msumbufu, na wewe Jumatatu unapeleka pesa shule ya bweni yenye bango la kumi bora getini. Nimesoma uzi wako nikahisi mtu kanitonesha kidonda.

Januari 2021 niliuza kiwanja changu cha Chanika kwa sababu hiyohiyo. Leo kina fremu nne za maduka mbele. Nikipita na bajaji nageukia upande wa pili kama ninadaiwa.

Binti yangu alikuwa shule ya serikali, darasa la watoto zaidi ya 90, wanne dawati moja. Mimi niliona dawati. Mwalimu wa Hisabati sikumwona. Bwana yule alimpa swali: kuku na mbuzi bandani jumla 20, miguu 56, mbuzi ni wangapi? Binti akachora wanyama wote na miguu yao, akapata 8. Mwalimu akaweka vema, chini yake kwa wino mwekundu akaandika: "Sasa bila kuchora." Siku mbili mtoto hakukalika, mama yake akadhani malaria. Alipoipata akaandikiwa: "Nitungie wewe lingine, gumu kuliko hili." Na mimi, mzazi mjuaji, nikamtoa hapo kwa pesa yangu mwenyewe.

Mkurugenzi wa ingilishi midiamu niliyompeleka alinipokea na tai yake, kiyoyozi kinapuliza, akaniambia, "Mzee, watoto kama huyu ndio tunaowatafuta." Kweli walikuwa wanawatafuta. Wa kupiga picha ya bango! NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza kumi bora Januari 2023, lakini bango la yule bwana nadhani bado linafutwa vumbi kila asubuhi.

Kule binti akimaliza kazi anaambiwa funika daftari, lala. Baadaye wakamgundulia kibarua: kusahihisha madaftari ya wenzake, mwalimu yuko nje na simu. Akauliza kwa nini ukigawanya sehemu kwa sehemu, ile ya pili inapinduliwa, akaambiwa ana kimbelembele. Ripoti ikaja: wastani 96, tabia "ajirekebishe, anauliza mno". Likizo ya Juni nikamwuliza umejifunza nini, akasema vioo vya luva darasani kwao ni 64, vilivyopasuka 11. Nikacheka. Nilikuwa nimelipia milioni mbili na laki nane mtoto akahesabu vioo, na nikacheka.

La sita alama zikaanza kushuka. Nikamfokea, nikamtafutia na tuisheni. Usiku mmoja nikachukua daftari lake: kila jibu alilokosa, jibu sahihi lilikuwa ukurasa wa mwisho, limeandikwa kwa penseli, dogo dogo. Alikuwa anakosea makusudi ili asipewe tena madaftari ya watu. Hapo ndipo nilipokaa chini. Nikamtafuta yule mwalimu wa zamani, kumbe kahamishwa mkoa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, omba kuona daftari la mtoto anayeongoza darasa. Usipelekwe kwenye ubao wa matokeo wala kwenye kompyuta zilizofunikwa plastiki. Daftari. Kama ni vema, vema, vema hadi jalada la nyuma, mtoto yule anasahihishwa tu, hafundishwi. Ukikuta hata mahali pawili mwalimu kaongeza swali lake chini ya vema, mng'ang'anie huyo mwalimu hata kama choo cha shule hakina mlango. Wakikukatalia, shukuru, aga, ondoka.

Alipoingia kidato cha kwanza nilizunguka shule tatu nikiomba madaftari. Moja mlinzi alinidhania mkaguzi, nikapewa na soda. Nikampata mwalimu wa Fizikia, mama mmoja wa shule ya kata, anaandika "Umepata. Sijaridhika, njoo saa nane." Binti sasa anachelewa kurudi nyumbani na sigombi.

Ya kurushwa darasa na hiyo tuisheni uliyouliza watakujibu wengine. Mimi nijibu moja tu: huyo mwalimu wa sasa unayemkimbia, kwenye daftari la mwanao kaandika nini? Piga picha, tupia hapa tuone.