Endgame inachanganya? Majibu kwa wabishi wa Tabora na Kigoma

Safari hii maswali ya wasomaji karibu yote yanahusu muvi moja. Banda moja la kuonyesha muvi la Isevya, Tabora, liliweka Infinity War usiku mmoja na Avengers: Endgame usiku uliofuata, na tangu hapo vijiwe vimegawanyika. Kuna wanaosema hadithi haieleweki, na kuna wanaosema asiyeielewa alisinzia. Ubishi umepanda treni, umeshafika Kigoma. Kwa ambao hawakuwepo: Thanos alikusanya mawe sita yenye nguvu, akapiga vidole, nusu ya viumbe vyote ikapotea. Katika Endgame, iliyotoka 2019, Avengers waliobaki, yaani kundi la mashujaa, wanarudi nyakati zilizopita kuyachukua mawe hayo ili wawarudishe waliopotea. Anayetaka kuitazama kwanza aniache hapa, kwa sababu kuanzia sasa nafichua kila kitu.

Kama wana uwezo wa kurudi nyuma, kwa nini wasimfuate Thanos akiwa mtoto mchanga wakamnyonga, shughuli ikaisha? (Bodaboda wa Cheyo)

Hilo limeulizwa ndani ya muvi yenyewe. Aliyeuliza ni Rhodes, mmoja wa mashujaa, tena kwa kuonyesha kamba shingoni, na Banner, yule mwanasayansi ambaye ndiye Hulk, akamkatalia. Dakika hizo chache ndizo wengi walitoka kununua karanga. Muvi nyingi za kurudi nyuma tulizozizoea zinasema ukiigusa jana, leo inabadilika. Ukivuruga ndoa ya wazazi wako, wewe mwenyewe unaanza kufifia. Banner anasema huo ni uongo mtupu. Ukienda zamani, huko ndiko kunakuwa mbele yako, na kule ulikotoka kunakuwa nyuma yako, na yaliyo nyuma yako hayaguswi tena.

Chukua reli yetu. Treni kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora njia zinaachana, moja inakwenda Mwanza na nyingine Kigoma. Tuseme ulishafika Kigoma na mambo yakakuharibikia huko. Unarudi Tabora, unapanda ya Mwanza, unafika. Mwanza utaiona kweli, lakini Kigoma uliyoiacha ipo palepale na madeni yako yote. Wakimnyonga Thanos mchanga, watakuwa wamewasaidia watu wa njia nyingine. Wao wenyewe wakirudi nyumbani watawakuta wafu wao bado ni wafu. Ndiyo maana wanakwenda kuazima mawe tu na kurudi nayo.

Ukiishika kanuni hii moja, robo tatu ya ubishi wa kijiweni inakwisha.

Nebula anampiga risasi Nebula wa zamani. Mbona hafi naye? (Mwanafunzi, Mwanga, Kigoma)

Kwa kanuni hiyohiyo. Nebula ni binti wa kulea wa Thanos, na aliyeuawa ni yule wa 2014 aliyevushwa akaletwa upande wetu. Aliyempiga alishaishi miaka yake yote, haimpunguzii kitu.

Ila nikupe swali ambalo hukuuliza, maana hapo ndipo muvi ilipoteleza kweli. Kuruka nyakati kunahitaji chembe za Pym, zile zinazomfanya mtu awe mdogo kabisa, nazo zilikuwa za kuhesabu. Kila mmoja alipewa za kwenda na za kurudi, basi. Sasa lile limeli lizima la Thanos, na jeshi ndani yake, lilivushwa kwa chembe zipi? Tunamwona yule Nebula wa 2014, aliyejifanya ndiye wa kwetu, akichezea mitambo, paa linapasuka, meli imefika. Hakuna aliyefafanua. Mashabiki wamebuni maelezo ya kila aina, lakini ukiniuliza mimi, waandishi walitaka vita kubwa mwishoni wakaupita mlango huo haraka tukiwa tunashangaa. Kwa hiyo anayesema kuna mahali hapaeleweki si mjinga. Amekosea tu kudhani muvi nzima iko hivyo.

Ni kweli panya ndiye aliyeokoa dunia? (Kaliua)

Ni kweli. Scott Lang, yaani Ant-Man, alikuwa amenasa kule kwenye ulimwengu wa vitu vidogo, panya akakanyaga vitufe ndani ya gari, akatoka. Huku nje miaka mitano imepita, yeye anahesabu saa tano tu. Wazo zima la safari limetokana na hesabu hiyo.

Mimi nimeiona ile iliyotafsiriwa. DJ alisema Tony Stark alikwenda mwaka 1970 makusudi kuomba radhi kwa baba yake. Rafiki yangu aliyeona ya Kiingereza anasema si kweli. (Fundi simu, Gungu)

Rafiki yako yuko sahihi, ingawa maneno ya DJ ni matamu kuliko ya Tony, ambaye ndiye Iron Man. Walikwenda New York ya 2012 kuchukua mawe matatu, wakafanikiwa mawili. Hulk alifungua mlango kwa hasira, kijisanduku cha Tesseract, ambayo ndani yake mna jiwe la tatu, kikaanguka, na Loki, ndugu mkorofi wa Thor, akaiokota akatoweka nayo. Chembe za Pym za kujaribu tena zikawa hazitoshi. Ndipo Tony na Captain America wakaamua kwenda 1970, kwenye kambi ya jeshi ambako Tesseract ilikuwa imehifadhiwa na Pym mwenyewe alikuwa anafanya kazi. Kukutana na Howard Stark, baba yake, ilikuwa ajali.

Siwalaumu madj. Bila wao wengi wetu tusingekaa saa tatu mbele ya Kiingereza cha haraka. Lakini DJ akiwa anatania juu ya sauti za wahusika, ule mpango wa mawe unapita bila kusikika, na muvi hii imeegemea maneno kuliko ngumi. Nimewauliza baadhi ya wanaolalamika kuwa hawakuelewa, wakanitajia nakala ya flashi iliyokatwakatwa ili iingie na muvi nyingine kumi. Endgame ina dakika 181. Kama yako imeisha kwa saa mbili, umeuziwa kipande.

Mwanangu, wanangu wawili hawasemezani kwa sababu ya mzee aliyekaa kwenye benchi mwisho wa sinema. Mkubwa anasema yule mzee alikuwepo siku zote amejificha, mdogo anasema ametoka dunia nyingine. Nani ana haki? (Mama wa Ujiji)

Shikamoo mama. Hapa umegusa penyewe, nami sitafupisha.

Mzee ni Captain America. Alitumwa kurudisha mawe kila moja mahali pake, akatakiwa aonekane tena baada ya sekunde tano. Hakuonekana. Kumbe alibaki na Peggy, mpenzi wake wa zamani, akazeeka naye, na sasa amekaa pembeni ya maji anamkabidhi rafiki yake Sam ngao.

Wanao wasione haya kugombana, maana hata walioitengeneza hawakubaliani. Waandishi, Christopher Markus na Stephen McFeely, wamesema kwa mtazamo wao Captain aliishi katika historia ileile, kimyakimya, na ndiye mume wa Peggy tangu mwanzo. Waongozaji, ndugu wawili Anthony na Joe Russo, wakasema hapana, aliishi katika historia nyingine kisha akarudi. Mkubwa wako yuko na waandishi, mdogo yuko na waongozaji.

Mimi niko na mdogo, na sababu zangu ni hizi. Kwanza, kanuni ya Banner: kama Captain angeishi katika historia ileile, basi zamani inagusika, na ile hotuba yote ya kumkatalia Rhodes ilikuwa ya nini? Pili, ngao. Mwambie mkubwa akumbuke vita. Thanos aliikatakata ngao ya Captain mpaka ikabaki nusu. Alipoondoka kurudisha mawe alibeba mkoba wa mawe na nyundo ya Thor, ngao hakuwa nayo. Sasa ile nzima anayompa Sam imetoka wapi? Imetoka huko alikoishi. Tatu, katika muvi ya Captain ya 2014 kuna mahojiano ya zamani ya Peggy yanaonyeshwa makumbusho. Anasema Captain aliokoa watu wengi vitani, na mmoja wao ndiye aliyekuja kuwa mume wake. Ni vigumu kumsoma huyo mume kuwa ni Captain mwenyewe, labda kama Peggy alikuwa anadanganya mbele ya kamera.

Mkubwa naye ana hoja moja ambayo mdogo hawezi kuipuuza. Kama alitoka historia nyingine, mbona hakutokea pale kwenye jukwaa la mashine, akatokea benchini? Muvi haikuonyesha alivyofika. Nikipewa nichague kati ya maelezo yanayohitaji kipande kisichoonyeshwa na maelezo yanayovunja sheria ya hadithi, nachukua yenye kipande kilichokosekana. Mpe mdogo ushindi, mama, ila kwa goli moja tu.

Loki aliyeokota Tesseract alikwenda wapi? (Urambo)

Ana sizoni yake, inaitwa Loki, ilianza 2021. Inaanzia palepale alipotoroka.

Watu walipotea miaka mitano. Peter Parker amerudi shuleni na rafiki yake bado ni mwanafunzi. Alirudia darasa? (Mwalimu wa sekondari, Kasulu)

Waliambiwa waanze mwaka ule upya, Mwalimu, lakini si kwa kufeli. Peter, yaani Spider-Man, na rafiki yake Ned walipotea wote, wakarudi pamoja wakiwa na umri uleule. Ambao hawakupotea walikua kama kawaida, na Spider-Man iliyofuata, ya 2019 hiyohiyo, inafanya utani kuhusu mtoto aliyekuwa mdogo wao sasa kawa kijana mwenye kifua. Endgame yenyewe haisemi lolote kuhusu nafasi za shule, madawati, wala wajane walioolewa tena. Nafikiri hayo yangefaa hadithi nzima, lakini hayauzi tiketi.

Kwa mtu ambaye hajaona chochote, aanze na zipi? Mwenye duka la muvi ananiambia zote ishirini na mbili. (Kiloleni)

Ana biashara, mwelewe. Endgame ni ya ishirini na mbili tukihesabu kutoka Iron Man ya 2008, ila wewe chukua Avengers ya 2012, Guardians of the Galaxy ya 2014 na Infinity War ya 2018, kisha uingie. Ya Thor ya 2013 unaweza kuiacha. Ile sehemu ya Asgard, nyumbani kwa Thor, utaishika kwa kumwangalia mama yake tu.

Tumekua tukijua steringi hafi. Iron Man amekufa. Halafu nasikia anarudi. Ndiyo maana nasema hawa jamaa wanatuchanganya! (Ng'ambo, Tabora)

Tuliza moyo. Katika Infinity War, Doctor Strange, yule mchawi wao, alitazama njia 14,000,605 za vita ile, akaona ya ushindi moja tu. Kwenye Endgame, Tony akiwa chini, Strange anamwinulia kidole kimoja. Maana yake ndiyo hii, na Tony ameielewa, akayachukua mawe akapiga vidole mwenyewe akijua yatamuua. Hapo sioni kilichokosewa. Ni steringi aliyekufa akiwa amemaliza kazi, na mazishi yake tumeyaona.

Anayerudi ni mwigizaji. Julai 2024, huko San Diego, Robert Downey Jr. alivua barakoa jukwaani, ikatangazwa kwamba yeye, aliyemcheza Tony, atacheza Doctor Doom, ambaye ni adui, katika Avengers: Doomsday. Waongozaji ni walewale ndugu wawili, kwa hiyo mama wa Ujiji naomba uwaambie wanao wapatane kabla haijatoka.