Maswali ya wasomaji: Je, mfalme haambiwi?

Tangu tulipogusa habari za wafalme wa Israeli, maswali hayajakoma. Nimechukua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Bwana asifiwe, mwalimu. Mfalme akijinyenyekeza si watamdharau? Ufalme bila fahari ni ufalme gani? (Msomaji, Iringa)

Asifiwe. Wengi tunadhani unyenyekevu wa mfalme ni kuinamisha kichwa na kusema taratibu. Soma Kumbukumbu la Torati 17:14-20. Hiyo ndiyo sheria ya mfalme katika Torati, na haina habari na mwendo wake wala sauti yake. Inamkataza mambo matatu: asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijirundikie fedha na dhahabu. Farasi ni jeshi. Wake ni mapatano na mataifa jirani, kwa kuwa binti wa mfalme aliozwa kisiasa. Dhahabu ni hazina. Yaani nguvu zenyewe ndizo zinazowekewa mpaka.

Kisha anapewa kazi. Akishaketi katika kiti cha enzi ajiandikie nakala ya sheria, awe nayo, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Ndugu zake! Kule Misri Farao alihesabiwa mwana wa mungu jua; huku mfalme anakalishwa na kitabu kama mtoto wa shule, na raia wake wanaitwa ndugu.

Na kudharauliwa, ndiyo, kupo. Daudi alipocheza mbele ya sanduku la agano akiwa amevaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani, Mikali binti Sauli alimchungulia dirishani akamdharau moyoni. Daudi alimjibu kwamba yuko tayari kujishusha hata zaidi ya hapo (2 Samweli 6). Hakujitetea kwamba alikuwa amevaa vizuri.

Sauli aliacha kondoo wachache tu akakataliwa. Daudi alizini, akaua, bado anaitwa mtumishi wa Mungu. Hapo haki iko wapi? (Msomaji, Kisumu)

Swali hili linakuja kila mwaka, na kila mwaka naliona ni zuri. Mtu akipima ukubwa wa makosa peke yake, Daudi ndiye mbaya zaidi. Mpango wa kumuua Uria, mume wa mwanamke aliyezini naye, ulikuwa wa kikatili: barua ya kifo chake aliibeba mwenyewe mkononi kwenda kwa Yoabu, jemadari wa Daudi.

Sasa tazama kila mmoja alivyoambiwa. Katika 1 Samweli 15, Sauli, aliyeamriwa kuwaangamiza Waamaleki na mifugo yao yote, anarudi kutoka vitani, na njiani huko Karmeli amejisimamishia ukumbusho. Samweli anamkuta, Sauli anamwahi kwa baraka: nimeitimiza amri ya Bwana. Nabii anauliza, basi kelele hizi za kondoo ninazozisikia ni za nini? Sauli anasema watu ndio waliowaacha hai, tena kwa ajili ya dhabihu. Anabanwa, anasema aliwaogopa watu. Anabanwa tena, anakiri. Na papo hapo anaomba Samweli amheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli. Amevuliwa ufalme, na anachowaza ni wazee watamwonaje.

Huyu ndiye yule aliyejificha penye vyombo siku ya kuchaguliwa (1 Samweli 10:22). Samweli anamkumbusha kwamba zamani alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Kwa hiyo aibu ya siku ya kwanza si dhamana ya unyenyekevu wa miaka ya baadaye. Tumeona wengi waliokuwa wapole kabla ya kupewa ofisi.

Daudi naye alijiwa na nabii Nathani na kisa cha maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Akahukumu kwa hasira, Nathani akamwambia: “Wewe ndiwe mtu huyo.” Jibu la Daudi ni sentensi moja, kwamba amemfanyia Bwana dhambi. Hakuna “lakini,” hakuna kuomba siri itunzwe, na Nathani anarudi nyumbani kwake salama. Msamaha haukufuta matokeo: mtoto alikufa, na upanga haukuondoka nyumbani kwake.

Ila tusimpake Daudi mafuta kupita kiasi. Shimei alimtupia mawe na kumlaani njiani Bahurimu, naye akazuia asiuawe, akisema huenda Bwana ndiye aliyemtuma. Lakini kitandani pa mauti alimwagiza Sulemani ahakikishe mvi za Shimei zinashuka kaburini kwa damu (1 Wafalme 2). Biblia haikuficha hilo.

Sulemani na hekima yake yote, aliishika hiyo sheria ya mfalme?

Aliyavunja makatazo yote matatu. Magari ya vita 1,400 na wapanda farasi 12,000, na farasi wakitoka Misri hasa, mahali palipokatazwa kwa jina. Dhahabu talanta 666 kwa mwaka. Wake 700 na masuria 300. Hekalu lilijengwa kwa miaka 7, nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13. Mwandishi wa Wafalme anazipanga tu hizo hesabu, na kwangu mimi huo ni uandishi wa hali ya juu: anayeijua Kumbukumbu 17 hahitaji kuelezwa.

Yesu alipanda punda kwa sababu ya umaskini? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Punda hakuwa mnyama wa mtu duni. Wana 30 wa mwamuzi Yairi walipanda punda 30 na walikuwa na miji 30 (Waamuzi 10:4), na Sulemani alipelekwa Gihoni kutiwa mafuta akiwa juu ya nyumbu wa baba yake. Umati ulijua unamshangilia mfalme.

Zekaria 9:9 tunaukariri sana: mfalme anakuja, mwenye haki, mnyenyekevu, amepanda punda. Tunaacha wa 10, ambamo gari la vita linaondolewa Efraimu, farasi anaondolewa Yerusalemu, na upinde wa vita unavunjwa. Ni mfalme asiye na jeshi la farasi, yule ambaye Torati ilimtaka tangu mwanzo. Tena huyu huyu, baada ya kulisha watu 5,000, aliona wanataka kumshika wamfanye mfalme, akaenda zake mlimani peke yake (Yohana 6:15).

Sikukuu ya Kristo Mfalme imeandikwa wapi?

Haimo katika Biblia. Papa Pius XI aliianzisha mwaka 1925, na tangu mabadiliko ya kalenda ya 1969 Wakatoliki huiadhimisha Dominika ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Katika mwaka ambao masomo ya Dominika hutoka Injili ya Luka, Injili inayosomwa siku hiyo ni ya msalabani: wakuu wanadhihaki, askari wanadhihaki, na mhalifu mmoja anamwomba Yesu amkumbuke katika ufalme wake.

Mchungaji wetu amenunuliwa kiti mfano wa kiti cha enzi, na kumsalimu ni kwa magoti. Tukihoji tunaambiwa tuna kiburi. (Jina limehifadhiwa)

Magoti sina ugomvi nayo. Makabila yetu mengi huwasalimu wakubwa hivyo. Kiti nacho ni mbao na sponji. Katika Luka 22:25 Yesu anawataja watawala wanaopenda kuitwa wafadhili, na kweli Ptolemaio wa Tatu wa Misri aliitwa Mfadhili rasmi. Alisema hayo mezani, usiku wa mwisho, wanafunzi wakigombania nani mkubwa.

Mimi ningeuliza mengine. Mapato na matumizi yanasomwa mbele ya washarika? Wazee wa kanisa wakisema hapana, nini huwapata? Mfalme Uzia alipoingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake, kuhani Azaria na makuhani wengine 80 walimfuata ndani wakamwambia atoke (2 Mambo ya Nyakati 26). Alikasirika, chetezo mkononi, na ukoma ukamtokea katika paji la uso. Maandiko yanasema moyo uliotukuka ulikuwa wa Uzia. Makuhani hawakulaumiwa.

Lakini Petro ameandika: “Mpeni heshima mfalme.” Kumkosoa si kuasi? (Msomaji, Mwanza)

Mstari huo huo, 1 Petro 2:17, unaanza: “Waheshimuni watu wote.” Mfalme anapewa heshima, na Mungu peke yake ndiye tunayeambiwa tumche.

Soma Yeremia 36. Ni mwezi wa tisa wa Kiebrania, baridi, Yehoyakimu mfalme wa Yuda ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Mjumbe aitwaye Yehudi anamsomea gombo la nabii Yeremia. Kila kurasa tatu au nne zikisomwa, zinakatwa kwa kijembe na kutupwa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Watu watatu walimsihi asilichome, hakuwasikia. Baba yake, Yosia, aliposomewa kitabu cha torati alirarua mavazi yake. Yeremia 22 inawalinganisha waziwazi: mwana anajenga jumba la mierezi, analipaka rangi nyekundu, wafanyakazi hawalipi, baba alikula, akanywa, akawatendea haki maskini.

Gombo liliandikwa upya na Baruku, mwandishi wa Yeremia, na maneno mengi ya namna hiyo yakaongezwa.

Mfalme mwovu akijinyenyekeza, Mungu anamsikia?

Anamsikia. Mfalme Ahabu, baada ya damu ya Nabothi, aliyeuawa ili shamba lake la mizabibu lichukuliwe, alivaa magunia, akafunga, akaenda polepole, na hukumu ikaahirishwa (1 Wafalme 21). Geuza ukurasa. Nabii Mikaya anamwambia asilopenda kuhusu vita ya Ramothi-Gileadi, naye anaamuru atiwe gerezani, apewe chakula kidogo na maji kidogo. Ahabu akaenda vitani amejigeuza mavazi, na hakurudi hai.