Saketi za kidijitali: hofu ya hesabu weka kando, ogopa kloku

Mkuu, nimeisoma hofu yako mara mbili. Umeandikishwa somo la utangulizi wa saketi za swichi, yaani za kidijitali, hesabu hazikupendi, umeme hujawahi kuugusa zaidi ya kubadilisha balbu, na waliotangulia wamekwambia somo hilo linatafuna watu. Unauliza kama uliahirishe, na kama sivyo ujiandae na nini. Mimi nilikuwa hapo hapo ulipo. Jaribio la kwanza nilipata alama ya aibu, mwisho wa muhula nikatoka vizuri, na baadaye nikakaa mihula miwili maabara nikiwasaidia waliokuja nyuma yangu. Kwa hiyo makosa nitakayoyataja hapa ni yangu na ya hao.

Usiliahirishe. Hesabu unazoziogopa hazimo. Kuna 0 na 1, na sheria chache za aljebra ya Boole ambazo nyingi utazikubali bila kubishana: kitu AU chenyewe ni kile kile, kitu NA kinyume chake hakiwezekani. Itakayokusumbua kidogo ni ya De Morgan, kwamba kinyume cha "A na B" ni "si A, au si B". Umeme nao ni huo huo: chipu za familia ya TTL (aina ya zamani inayotumika sana kufundishia) zinakula volti 5, kwenye ingizo lake chochote kisichozidi volti 0.8 kinasomwa 0, chochote kuanzia volti 2 kinasomwa 1, na katikati hapo usitegemee jibu. Mengine ya umeme yatakuja yenyewe ukiwa na waya mkononi.

Kuhusu neno "swichi" kwenye jina la somo, ambalo umesema linakuchanganya: limetoka enzi za relei, zile swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa na miaka 21 tu, aliandika tasnifu yake ya uzamili pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, akionyesha kwamba mantiki aliyoiandika George Boole mwaka 1854 inatosha kabisa kuchambua na kubuni saketi za relei. Swichi mbili zikifuatana, umeme hupita zikifungwa (yaani vyuma vikigusana) zote mbili, hiyo ni NA. Zikiwa sambamba, moja ikifungwa inatosha, hiyo ni AU. (Ukija kumsoma Shannon mwenyewe usishtuke: yeye alihesabu kizuizi badala ya kupita, kwa hiyo saketi iliyofungwa kwake ni 0, na mambo yanaonekana yamepinduliwa.) Leo relei imekuwa transista, swichi ndogo sana iliyo ndani ya chipu, lakini hoja ni ile ile.

Sasa alama yangu ya aibu. Swali lilikuwa: wajumbe watatu A, B na C wanapiga kura, saketi itoe 1 wakikubali wawili au zaidi. Jedwali la ukweli, lile linaloorodhesha kila hali na jibu lake, lina mistari minane, na 1 zinaangukia (kwa mpangilio wa ABC) kwenye 011, 101, 110 na 111. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Halafu nikachora ramani ya Karnaugh, yaani jedwali hilo hilo kwa vyumba ili 1 zilizo jirani zizungushiwe na jibu lifupike, A pembeni, BC juu, na vichwa vya juu nikavipanga nilivyozoea kuhesabu: 00, 01, 10, 11. Kwenye mstari wa A=1 nikaona 1 mbili zimekaa jirani, chini ya 01 na 10. Nikazizungushia. Ndani ya duara hilo B inabadilika, C inabadilika, na herufi inayobadilika hufutwa, basi nikazifuta zote mbili nikabaki na A. Safu ya 11 ikanipa BC. Jibu langu: A + BC (alama ya + ni AU, herufi zikigusana ni NA).

Lisome hilo jibu kwa kiswahili cha kawaida. Mjumbe A akikubali peke yake, hoja imepita. Nilimpa mtu mmoja nchi nzima.

Vichwa vinatakiwa viwe 00, 01, 11, 10, ili kila ukihama chumba kimoja ibadilike herufi moja tu. Ujirani wa kwenye karatasi lazima uwe ujirani wa kweli, ndiyo siri yote ya ile ramani ambayo Maurice Karnaugh aliichapisha mwaka 1953. Ukiipanga sawa unapata makundi matatu, AB, BC na AC, na ile 111 imetumika mara tatu bila kosa lolote kwa sababu kitu AU chenyewe ni chenyewe. Wiki mbili baadaye tulipofika kwenye kijumlishi kamili, kile kinachojumlisha biti mbili (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1) pamoja na iliyobebwa kutoka nyuma, nikakuta tarakimu ya kubeba ni AB + BC + AC. Kura ya wengi ile ile! Hapo ndipo nilipoacha kukariri na kuanza kutazama.

Kwa hiyo tabia ya kwanza: kila ukipata jibu, lirudishe kwenye maneno au lijaribu kwa mistari miwili ya jedwali. Ni sekunde kumi. Ningeweka A=1, B=0, C=0 ningejikamata mwenyewe.

Kurahisisha kwa ramani fanya mpaka vigezo vinne (herufi kama A, B, C) uwe mwepesi kabisa. Vitano fanya mara mbili tatu ukijua namna yake. Zaidi ya hapo kuna njia ya Quine na McCluskey, ambayo ni ya kompyuta hasa. Ijue inavyokwenda, usiipe wikendi yako. Kubadilisha namba kwenda baineri (za 0 na 1) na heksadesimali (za msingi wa 16) ni mazoezi ya mkono tu. Kijalizo cha mbili, namna ya kuandika namba hasi kwa 0 na 1, kipe saa moja ya ukimya, kitakuja tena na tena. Na uzoee NAND, yaani NA iliyogeuzwa kinyume, kwa sababu mitihani inaipenda: kwa NAND tupu unaweza kujenga geti lolote (geti ni kipande cha saketi kinachofanya NA, AU na mengineyo). Ile kura ya wengi ni NAND tatu za maingizo mawili zinazoingia kwenye NAND moja ya maingizo matatu. Chora uone alama za kinyume zinavyofutana.

Wanaolia na somo hili wengi hawalii hapo. Nusu ya kwanza ya muhula inakubembeleza. Saketi hazina kumbukumbu, ukiingiza kitu jibu linatoka, unajiona fundi. Halafu zinaingia flipuflopu (kipande kinachokumbuka biti moja) na kloku (mapigo ya saa yanayoziambia zote lini zibadilike), na darasa linanyamaza.

Jipime na hili. Flipuflopu mbili za aina ya D, ile inayonakili kilichopo kwenye ingizo lake kila pigo la kloku. Tokeo la kwanza linaingia kwenye ya pili, tokeo la pili linaingia kwenye ya kwanza, kloku ni moja. Ya kwanza ina 1, ya pili ina 0. Likipita pigo moja, kuna nini? Karibu kila niliyemuuliza maabara alianza kufuata waya kwa kidole: "ya kwanza inachukua 0, halafu ya pili inachukua ya kwanza ambayo sasa ni 0, kwa hiyo zote 0." Waliotoka kwenye programu ndio hasa, kwa sababu wamezoea mstari mmoja kutekelezwa baada ya mwingine, na wanajua huwezi kubadilishana vitu viwili bila chombo cha tatu. Jibu ni kwamba zimebadilishana. Kila moja inachukua kilichokuwepo mlangoni kwake pale pigo linapofika, na tokeo lake linageuka nanosekunde chache baadaye, jirani yake akiwa ameshachukua chake. Hakuna wa kwanza wala wa pili. Wanapeana mizigo mkono kwa mkono.

Ukilielewa hilo kwa dhati, theluthi ya mwisho ya somo inakufungukia. Kilichonisaidia mimi ni karatasi za miraba na rula. Chora kloku juu, kisha kwenye kila ukingo unaopanda shusha mstari wima mpaka chini ya karatasi. Maingizo yasome kushoto kwa mstari, matokeo yaandike kulia kwake. Kushoto soma, kulia andika, usivuke mstari hata kwa bahati mbaya. Jedwali la hali, linaloonyesha kilichohifadhiwa kabla na baada ya pigo, nalo ni kitu hicho hicho kwa sura nyingine: safu ya sasa, safu ya baadaye. Nilichora michoro kama arobaini hivi kabla mkono haujazoea, na siioni kuwa mingi.

Maabara ndiko nitakakokaa zaidi, maana huko wanapoteza muda watu wenye akili. Kazi yetu ya tatu ilikuwa kaunta ya mzunguko: flipuflopu nne, taa nne, taa moja iwake na ihame nafasi moja kila ukibonyeza kitufe. Kwenye simuleta, programu ya kuigiza saketi, ilifanya kazi mara ya kwanza. Chipu mbili za 7474, kila moja ina flipuflopu mbili. Nikapanga nyaya kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunganishia bila kuchomelea, nikawasha.

Taa zikawa zinabadilika nikipeleka mkono karibu. Sijagusa kitu, mkono tu unapita juu ya nyaya. Nilidhani nimeunguza chipu. Kumbe zilikuwa za aina ya CMOS, familia nyingine tofauti na TTL, na miguu ya kuweka 1 kwa nguvu na kufuta kwa nguvu nilikuwa nimeiacha hewani kwa kuwa "siitumii". Ingizo la CMOS lililoachwa hewani linaokota chochote kinachopita, hata wewe. Miguu hiyo hufanya kazi ikipewa 0, kwa hiyo niliifunga yote kwenye chanya na wazimu ukaisha.

Likaja la pili. Badala ya taa moja, taa mbili zikawa zinafukuzana. Nikazima, nikawasha: giza, hakuna hata moja, na kitufe hakisaidii. Hili kosa halikuwa la waya, lilikuwa langu la kubuni. Flipuflopu nne zina hali 16, kaunta yangu ilikusudia kutumia 4 tu, na umeme ukiwashwa zinaamka popote zinapotaka. Zikiamka na 0000, 0000 itazunguka milele. Dawa: ingizo la flipuflopu ya kwanza lisitoke kwa ya mwisho, litoke kwenye NOR (AU iliyogeuzwa kinyume) ya tatu za mwanzo. Anza na 1010 ufuate mwenyewe: 0101, 0010, 0001, kisha 1000, imejinyoosha. Tangu siku hiyo, kwenye mtihani wowote wa kaunta, nikimaliza nauliza hali zisizotumika zinakwenda wapi, na mara nyingi swali hilo lilikuwa na alama zake.

Kuunda hiyo NOR nikachukua 7402, chipu ya NOR, nikaichomeka kwa mazoea ya 7400, ambayo ni ya NAND. Kwenye 7400 mguu wa 1 na wa 2 ni maingizo, wa 3 ni tokeo. Kwenye 7402 mguu wa 1 ndio tokeo. Nikawa nimegonganisha tokeo na tokeo, chipu ikapata moto. Ukurasa wa miguu wa kila chipu uwe mbele yako, hata ile uliyoitumia jana.

La tatu lilikuwa kitufe. Nabonyeza mara moja, taa inaruka nafasi mbili, wakati mwingine tatu. Vyuma vya kitufe vinapogusana havitulii papo hapo, vinadundadunda kwa milisekunde kadhaa, na saketi inayohesabu kwa nanosekunde inaona kila mdundo kuwa pigo. Swichi yenye njia mbili pamoja na NAND mbili zilizokumbatiana, tokeo la kila moja likiingia kwenye mwenzake, zinamaliza tatizo, kwa sababu mguso wa kwanza unashikwa na mingine haina la kubadilisha. Simuleta haikuniambia lolote kati ya haya yote. Ndiyo maana nakwambia usimwachie mwenzako wa kikundi nyaya wewe ukabaki kuandika ripoti.

Ikigoma, anza na multimita (kipima umeme) kwenye miguu ya chipu yenyewe, siyo kwenye ubao: mguu wa 14 una volti 5? wa 7 uko kwenye hasi? Hivyo ndivyo zilivyo karibu zote nilizozitaja hapa. Weka kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 0.1 karibu na kila chipu. Halafu kata saketi katikati, pima nusu ya kwanza peke yake. Kung'oa kila kitu na kuanza upya nimekufanya mara moja, nikarudia kosa lile lile kwa nyaya safi zaidi.

Kama kwenu mnatumia FPGA (chipu unayoipanga upya kwa maandishi) na Verilog (lugha ya kuandika saketi hiyo), mengi ya nyaya yatakuepuka, lakini mtego unahamia kwingine. Usiandike mstari hata mmoja kabla hujachora masanduku na flipuflopu kwenye karatasi. Ile tofauti ya = na <=, alama mbili za kuipa kitu thamani, inayowachanganya wote ni habari ya kubadilishana niliyoieleza juu: <= ndiyo ya kloku, kila mmoja anasoma kwanza, kisha wote wanaandika. Na ukisahau kueleza kila tawi la "kama sivyo" kwenye sehemu isiyo na kloku, zana inayogeuza maandishi kuwa saketi itakutengenezea kumbukumbu ambayo hukuiomba.

Umeuliza pia kama ununue kikokotoo cha kisasa. Hapana. Karatasi za miraba ndizo zitakazokuishia.