Kabla Hujauza Ng'ombe kwa Ajili ya Injini

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Bungoma. Ana pikapu ya zamani ya dizeli, silinda nne, anayobebea mahindi siku za soko. Kila asubuhi injini inamisi, yaani silinda moja au zaidi haiwaki, na kutoa moshi mweupe, ikishapata moto inatulia. Fundi amemwambia hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, lazima ifunguliwe. Mwishoni akaandika: "Mnunuzi wa ng'ombe nimeshampata, anakuja Jumamosi."

Nilimpigia simu papo hapo. Mimi niliuza wawili.

Wengi mnaonisoma mna trekta au mnaitafuta, kwa hiyo mnajua maana ya mwezi wa Machi huku Njoro. Mvua inanukia, kila mtu anataka shamba lake lilimwe jana, na mwenye jembe ndiye mfalme. Nilikuwa na Massey Ferguson 135 niliyoinunua kwa mkono wa pili, ile yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Nilikuwa nimeshachukua malipo ya awali ya majirani watano. Siku ya tatu shambani injini ikaanza kuchechemea. Silinda tatu zikiwa nzima mlio wake unakwenda sawasawa, tu-tu-tu, tu-tu-tu. Moja ikifa unasikia mbili halafu pengo, na bonneti inatikisika kama mtu mwenye homa.

Fundi niliyemwita alisikiliza kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akasema ringi za pistoni zimeisha, injini ifanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kufanywa upya. Hakugusa hata spana moja. Nami nikamwamini, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nikauza ng'ombe wawili, mmoja wao mtamba ambaye mama yangu alikuwa amemlea kwa mkono. Mama hakusema neno. Mpaka leo hajasema.

Yaliyofuata nayaruka: pistoni, laina, ringi, gasketi, wiki mbili za kusubiri. Siku ya kuwasha, injini ilikataa, ikakubali kwa shida, halafu ikamwaga moshi mweupe mzito unaochoma macho. Nguvu hakuna. Na ule mchechemeo, tu-tu na pengo, ulikuwa palepale. Fundi akalegeza nati za pampu ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwenye silinda, akaizungusha kwa kukisia tu, akawasha tena. Sasa moshi ulipungua lakini injini ikagonga kama nyundo kwenye fuawe. Akaondoka akisema anafuata kipuri mjini. Sikumwona tena msimu ule, na majirani watano walinidai pesa zao mbele ya watu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya matrekta kwenye mashamba ya ngano. Nilimfuata kwake kwa boda boda. Alikuja na spana mbili na kitambaa.

"Washa, iache kwa mwendo wa polepole," akaniambia. Akalegeza nati ya bomba la noseli (kile kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda) namba moja, nusu mzunguko tu, kitambaa kikiwa juu. Dizeli ikavuja, mlio ukaanguka, injini ikakaribia kuzima. Akaikaza, mlio ukarudi. Akaenda namba mbili. Alipolegeza, hakuna kilichobadilika. Dizeli ilivuja vilevile, lakini injini haikujali, kwa sababu silinda ile haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Namba tatu, mlio ukaanguka tena.

"Sasa tumejua nani amelala. Bado hatujajua kwa nini," mzee akasema.

Tukazima. Akahamisha noseli ya namba mbili kwenda namba tatu, na ya tatu kuja namba mbili, akabadilisha na zile washa, pete za shaba, za chini yake. Tukawasha. Ugonjwa ulihamia namba tatu. Kama ungebaki namba mbili, tungepima mgandamizo, tungetazama vali na hata ringi. Lakini ulihama pamoja na noseli. Akaitoa, akaifunga kwenye bomba lake ikiwa nje ya injini, akaielekeza mbali nasi, akaniambia nizungushe stata. Badala ya kutoa ukungu mwembamba, ilidondosha matone kama bomba la maji lililochoka. Dizeli ya matone haiwaki vizuri. Inapashwa joto tu na kutoka kama moshi mweupe.

Nilisimama pale nikimfikiria yule mtamba. Thamani ya noseli tatu mpya haikufika hata bei ya ndama.

Ikabaki taimingi, yaani wakati pampu inapoingiza mafuta kwenye silinda. Mzee alisugua shingo ya pampu kwa brashi ya waya na dizeli, mpaka chini ya uchafu ukatokea mstari mdogo uliokatwa kwenye chuma. Mwenzake ulikuwa kwenye kifuniko cha gia. Ilipaswa kutazamana, lakini ilikuwa imepishana kwa upana wa njiti mbili za kiberiti. Mtu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Katika injini ya mipigo minne pampu huzunguka mara moja kila kishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kinapozunguka mara mbili, kwa hiyo digrii moja kwenye pampu ni digrii mbili kwenye kishafti. Mafuta yakichelewa, unapata moshi mweupe, injini dhaifu, na joto linapanda. Yakiwahi, unapata ule mlio wa kugonga kama nyundo, na ukiendelea nao utatoboa pistoni. Tulirudisha mistari itazamane, tukakaza, tukatoa hewa kwenye filta na pampu. Injini ikaimba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikubali mtu afungue injini yako kabla hajakwambia ni silinda gani imelala. Mwulize hivyo hivyo: ni namba ngapi? Asiyeweza kujibu hajapima. Na pampu isitolewe kabla alama hazijasafishwa na kupigwa picha kwa simu. Kama hazipo, zichongwe. Ukilegeza mabomba, kidole kisikaribie mnyunyizo wa noseli, kwani msukumo ule hupenya ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali hata kama kitundu ni kidogo.

Nasisitiza pia mafuta. Pampu nyingi za zamani, kama ile ya trekta langu, hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Ukinunua dizeli ya mtungi iliyochanganywa na mafuta taa kwa kuokoa shilingi chache, unaisaga pampu ikiwa kavu. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta taa mwaka wa 2018 kwa sababu ya uchanganyaji huo huo. Nunua penye pampu inayosoma, na ubadilishe filta kwa wakati. Narudia: filta.

Tena, moshi mweusi ukiwa na mzigo kwenye mlima wa Timboroa usikutie hofu upesi. Kule juu hewa ni nyepesi, dizeli inakosa hewa ya kuwakia. Tazama kwanza filta ya hewa.

Yule wa Bungoma nilimwambia hivi. Injini inayomisi ikiwa baridi na kutulia ikipata moto, kama ni ya aina yenye hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, anza na hizo. Ondoa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, chukua taa ya majaribio, ishike kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa.

Jana usiku akanitumia video. Taa iliwaka mara mbili tu kati ya nne. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, akitazama.