Gemu zinaweza kuonyesha sonona

Ndugu yangu, unasema gemu ni mpira na risasi tu, haziwezi kueleza sonona. Kwa vibanda vyetu vya gemu vya Kampala nakuelewa. Lakini tafuta Depression Quest ya 2013: ni ya maandishi, ya bure, unaicheza kwenye kivinjari. Jibu ambalo mtu mwenye afya angelichagua bila kufikiri unaliona pale, limekatwa kwa mstari, huwezi kulichagua. Hali ikizidi kuwa mbaya, machaguo yanazidi kupungua. Anayependa kumwambia mgonjwa "jikaze" aicheze hiyo kwanza! Celeste ya 2018 pia inagusa sonona, ingawa mimi naona nguvu yake iko kwenye kuonyesha hofu. Na kama unauliza kwa ajili ya mtu wa nyumbani, msindikize Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kampala.