Mawe yanayougonga Mwezi: maswali ya wasomaji

Toleo lililopita lilitaja watu wanaokesha wakiitazama sehemu ya Mwezi isiyowaka ili kuwinda mimweko ya vimondo. Maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo yaliyorudiwa zaidi.

Mwalimu wa sayansi, Tanga: Kimondo kikigonga Mwezi, kweli tunaweza kukiona tukiwa huku chini?

Tunaweza, ila tunachokiona ni kishindo chenyewe, si mstari wa moto angani. Huku kwetu jiwe dogo huungua likiwa bado juu sana, kwa sababu ya hewa. Mwezini hakuna hewa ya kulizuia. Jiwe hufika chini na kasi yake yote, na mara nyingi kasi hiyo huzidi kilomita 20 kwa sekunde. Kwa kilomita 25 kwa sekunde, kilo moja ya jiwe hubeba nishati zaidi ya mara 70 ya kilo moja ya baruti ya TNT. Nishati hiyo huchimba shimo, huvunja miamba na kuipasha moto hadi mingine iyeyuke. Sehemu ndogo sana hugeuka mwanga, na huo ndio mmweko. Mingi hudumu chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, hivyo ukipepesa jicho umeshaukosa.

Mimweko ya kwanza kuthibitishwa ilirekodiwa Novemba 18, 1999, wakati wa vimondo vya Leonidi, vinavyoonekana kila Novemba, pale watazamaji wa Marekani walipolinganisha video zao na kukuta nukta ileile kwa wakati uleule. Kituo cha Marshall cha NASA, shirika la anga la Marekani, kule Huntsville, Alabama, kilinasa mmweko wake wa kwanza mwaka 2005 na kikaendelea kuutazama Mwezi kwa miaka mingi. Machi 17, 2013, kamera zake ziliona mmweko mkali ajabu katika bonde kubwa la Imbrium. Jiwe lilikadiriwa kuwa na uzito wa kilo 40 hivi na upana usiofika nusu mita. Kisha chombo cha LRO, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009, kilipiga picha eneo lile na kukuta shimo jipya lenye upana wa mita 18. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mtamu kuliko wote: mtu anaona cheche akiwa Alabama, na baadaye tunaonyeshwa shimo lenyewe.

Msomaji wa Lubumbashi: Mnajuaje kwamba si setilaiti iliyopita, au hitilafu ya kamera?

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtafiti makini hujiuliza. Chembe za mionzi kutoka anga za mbali hupiga kihisi cha kamera na kuacha doa linalofanana sana na mmweko. Setilaiti nayo hung'aa ghafla ikilipata Jua. Dawa ni kuwa na macho mawili. Darubini ya mita 1.2 ya Kryoneri, Ugiriki, iliyoanza kazi hii mwaka 2017 katika mradi wa NELIOTA wa Shirika la Anga la Ulaya, hugawa mwanga uende kwenye kamera mbili, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Chembe ya mionzi huonekana katika kamera moja tu. Setilaiti huonekana katika zote mbili, lakini mara nyingi husogea toka fremu hadi fremu, ilhali mmweko hubaki pale pale na kufifia. Faida nyingine ya rangi mbili ni kwamba huwezesha kukadiria joto la mmweko.

Wenye darubini ndogo hupata uhakika uleule kwa njia nyingine: watu wawili walio mbali na mwenzake, kila mmoja na kifaa chake, wanarekodi Mwezi huohuo kwa saa iliyolinganishwa vizuri.

Msomaji wa Vwawa, Songwe: Kimondo chetu cha Mbozi ni kizito mno, mbona hatuoni shimo lake? Na Mwezini jiwe la kilo 40 linachimba mita 18?

Tofauti ni hewa, na muda. Hewa hulipunguzia kasi jiwe linaloingia Duniani, na jiwe likipoteza kasi hupoteza karibu uwezo wote wa kuchimba, kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa kasi. Shimo likipatikana, mvua, mizizi na udongo hulifukia kadiri miaka inavyokwenda. Mwezini hakuna mvua wala upepo. Kinachofuta mashimo ya zamani pale ni mapigo mapya: watafiti waliolinganisha picha za LRO za kabla na baada walipata mashimo mapya zaidi ya 220, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba sentimita 2 za juu za vumbi la Mwezi hupinduliwa katika muda wa miaka 81,000 hivi, haraka kuliko ilivyodhaniwa.

Hilo lina uzito kwa wanaopanga kujenga makazi kule. Hatari haiko kwenye jiwe lenyewe tu. Shimo lile la 2013 lilirusha kifusi, na alama za mabadiliko kwenye ardhi zilionekana hadi kilomita 30 kutoka lilipo.

Msomaji wa Zanzibar: Mapigo haya yanaweza kuusogeza Mwezi?

La. Mawe haya ni madogo mno mbele yake.

Mwanafunzi wa chuo, Nairobi: Na asteroidi je? Ziko mbali sana, tunajifunzaje mapigo yake?

Asteroidi ni miamba inayolizunguka Jua, na mara chache tunabahatika kuona moja ikigongwa. Desemba 2010 asteroidi iitwayo Scheila, yenye upana wa kilomita zaidi ya 100, iling'aa ghafla na kutoa mikia ya vumbi. Iligongwa na jiwe lililokadiriwa kuwa la mita 30 hivi. Lakini bahati haitoshi, kwa hiyo wanasayansi wameamua kupiga wenyewe.

Wajapani walitangulia. Aprili 5, 2019, chombo chao Hayabusa2 kilirusha kipande cha shaba cha kilo 2 kwenye asteroidi Ryugu, kwa kasi ya kilomita 2 kwa sekunde, kisha kikajificha upande wa pili ili kisipigwe na mawe, huku kamera ndogo ikibaki nyuma kutazama. Shimo lilifika upana wa mita 14 na ushee. Kitu cha kilo mbili! Ryugu imeshikana kwa ulegevu mno, ni rundo la mawe na changarawe chini ya mvutano hafifu, kwa hiyo hakuna cha kulizuia shimo lisitanuke.

Kisha ikaja DART ya NASA, chombo cha karibu kilo 580 kilichoigonga Dimorphos, asteroidi ya mita 160 hivi inayoizunguka kubwa yake, Didymos. Kabla ya hapo Dimorphos ilizunguka kwa saa 11 na dakika 55. Baadaye muda huo ulipungua kwa dakika 33 hivi, wakati NASA ilikuwa imesema hata sekunde 73 zingehesabiwa kuwa mafanikio. Sababu ni kifusi: mawe na vumbi vilivyoruka kurudi nyuma viliisukuma asteroidi zaidi ya chombo chenyewe. Kwa maoni yangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Siku ikibidi tuisukume asteroidi inayotujia, kujua uzito wake hakutatosha. Itabidi tujue imeshikana vipi, na hilo hujulikana kwa kusoma mapigo. Ndiyo maana Ulaya ilirusha chombo cha Hera Oktoba 7, 2024, kiende kupima kilichobaki pale.

Nawe uliye Nairobi, una sababu ya kutembea kifua mbele. Pigo lile la DART lilitokea saa 8:14 usiku wa kuamkia Septemba 27, 2022, kwa saa zetu, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoweza kuliona moja kwa moja. Darubini tatu za watazamaji wa kawaida zilizokuwa kisiwa cha Réunion na moja iliyokuwa Nairobi zilirekodi mfumo ule ukiongezeka mwanga ghafla. Vipimo vyao vimo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature.

Msomaji wa Mombasa: Nina darubini ya kioo cha sentimita 20. Naweza kusaidia?

Unaweza, na tunakuhitaji. Ukubwa huo unatosha. Tafuta kamera ya video nyepesi kuhisi mwanga, inayorekodi fremu 25 au 30 kwa sekunde, na chanzo cha saa sahihi kama GPS. Rekodi tangu mwezi mchanga wa siku tatu nne hadi unapokaribia nusu, na ukipenda kuamka alfajiri, tena mwishoni mwa mwezi. Elekeza kwenye upande wa giza, uache upande unaowaka nje ya picha, maana mwanga wake hufunika kila kitu. Hapa karibu na ikweta tuna neema: jua likizama, mwezi wa siku tano huwa juu sana angani msimu wowote, ilhali walio kaskazini huuona ukiwa chini kwenye ukungu kwa miezi kadhaa ya mwaka. Tena kukiwa usiku kwetu, mara nyingi ni mchana Alabama, kwa hiyo kishindo kinachotokea wakati huo wao hawakioni.

Usiku wa vimondo vingi, kama wa vimondo vya Geminidi katikati ya Desemba, huongeza nafasi ikiwa Mwezi uko katika siku zinazofaa. Mtafute mwenzako Malindi au Tanga arekodi saa zilezile.