Milima ya Udzungwa dirishani

SWALI: Nilipanda treni ya TAZARA kwenda Mbeya. Picha za Udzungwa zote zimetoka na ukungu, na moja ina uso wangu! Nimekosea wapi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Pole, ndugu yangu. Huo uso umeakisiwa na kioo cha dirisha. Shusha dirisha, ila mkono na simu vibaki ndani, matawi hupita karibu. Likigoma, zungushia lenzi khanga nyeusi kuzuia uso usiakisiwe. Kamera ukiiegemeza kwenye kioo inatetemeka nacho. Ukungu nao ni mtikisiko: kasi ya shata (muda kamera inapokea mwanga) weka 1/1000 ya sekunde. Vichaka vya kando ya reli vitavurugika tu, viache. Lenga mlima, uko mbali. Ukitoka Dar kaa kulia, ujiandae kabla ya Mang'ula. Kupita Mlimba kuna mahandaki: mimi nilibonyeza mara tatu, nikapata giza tupu.